Pima Ukumbi Kwanza: Kuchagua Kamera ya PTZ kwa Kurekodi na Kurusha Matukio

Kamati ikishachangisha fedha za kamera, swali la kwanza linaloulizwa huwa ni bei, na la pili ni "inavuta mara ngapi?" Yote mawili yanakuja mapema mno. Kabla hujampigia simu muuza vifaa wa Mwanza au Kariakoo, chukua futi ya fundi ujenzi, ingia ukumbini, upime umbali kutoka mahali kamera itakapokaa hadi mahali mzungumzaji atakaposimama. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini. Watu wengi hulipa mamilioni bila kuijua, kisha wanalaumu kamera.

Kamera za PTZ ni zile zenye kichwa kinachozunguka kulia na kushoto, kinachoinama na kuinuka, na lenzi inayovuta karibu na kurudisha mbali, vyote vikiongozwa kwa rimoti, joistiki au kompyuta. Kijana mmoja aliyekaa kwenye meza ya mitambo anaweza kuongoza kamera mbili au tatu bila kumziba muumini yeyote na bila kupita mbele ya madhabahu na stendi begani. Kwetu huku, kuanzia Bukima na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria hadi Musoma mjini, Bunda na Butiama, hitaji lenyewe halina mjadala: familia zimetawanyika Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, na ibada ya mazishi haimsubiri aliyekosa nauli. Mwalimu Nyerere alipozikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, Tanzania Bara haikuwa bado na televisheni ya taifa. ITV, iliyoanza mwaka 1994, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na Watanzania wengi walifuatilia msiba ule kwa redio. Leo kigango chenye kompyuta moja, laini nzuri ya intaneti na kamera iliyochaguliwa kwa akili kinaweza kuwafikia ndugu wa marehemu popote walipo. Ndiyo maana inafaa kuchagua vizuri.

Lakini jiulize kwanza kama kazi yako ni ya PTZ kweli. Ukiwa mpiga picha wa harusi unayehama kutoka sendofu ya Bunda kwenda ukumbi wa Musoma, unayemfuata bibi harusi tangu saluni hadi kwenye keki, kamera ya mkononi itakufaa zaidi. PTZ inapenda mahali pamoja panaporudia jambo lilelile: kanisa, msikiti, ukumbi wa Baraza la Madiwani, ukumbi wa chuo. Hapo mikao inahifadhiwa mara moja, yaani mimbari namba 1, kwaya namba 2, waumini namba 3, na anayeongoza hubonyeza namba tu.

Umbali na lenzi

Watengenezaji hutangaza lenzi kwa "mara": mara 12, mara 20, mara 30. Namba hiyo inaonyesha uwiano kati ya picha pana kabisa na picha ya karibu kabisa. Haisemi uso wa mhubiri utajaa kiasi gani kwenye skrini. Kwa kamera za kawaida zenye sensa ndogo (kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga), hesabu ya kukumbuka ni nyepesi. Lenzi ya mara 12 ikivutwa hadi mwisho huona pembe ya takriban nyuzi 7, kwa hiyo ukiwa mita 10 kutoka kwa mzungumzaji, fremu inakuwa na upana wa mita 1.2 hivi: kichwa na mabega. Lenzi ya mara 20 hukupa picha hiyohiyo kutoka mita 20, na ya mara 30 kutoka mita 30. Basi namba ya "mara" ifikie au izidi kidogo idadi ya mita ulizopima. Kanisa la mita 25, kamera ikiwa ukuta wa nyuma, likinunua lenzi ya mara 12 litapata fremu ya upana wa mita 3. Mhubiri ataonekana mwili karibu wote, mdogo, na anayemtazama kwenye simu yenye skrini ya kiganjani hatamwona midomo.

Upana nao una hesabu yake, na huu ndio upande unaosahaulika. Lenzi nyingi za mara 20 na mara 30 huanzia pembe ya nyuzi 60 hivi. Ukiiweka kamera mita 5 mbele ya kwaya, utaona upana wa mita 6 tu, na sauti ya nne watabaki nje ya picha. Kwaya inayojipanga mita 8 inahitaji kamera iwe mbali nayo kama mita 7. Ukiwa na jengo fupi na pana, lenzi ya mara 12, ambayo kwa kawaida huanzia nyuzi 70 na zaidi, inaweza kukufaa kuliko ile ya bei kubwa.

Zumu ya kidijitali usiihesabu kabisa. Hiyo hukata picha na kuikuza, na kila hatua inakula ubora. Soma kwenye boksi maneno yanayohusu lenzi yenyewe, na kama muuzaji hawezi kukutofautishia hizo mbili, tafuta mwingine.

Ukishajua umbali, tazama kamera itashikwa na nini. Picha iliyovutwa sana hukuza kila mtikisiko. Kamera iliyofungwa kwenye sakafu ya mbao ya roshani ambako kwaya inacheza itakupa picha inayoruka kwa kila pigo la ngoma. Ifunge kwenye ukuta wa tofali au nguzo ya zege, juu kidogo ya vichwa vya waliosimama, mita 2.5 hadi 3 kutoka sakafuni. Ukiipandisha hadi darini utapata vipara na vilemba badala ya nyuso. Angalia pia feni za dari zisikatize mbele ya lenzi, na madirisha makubwa yasiwe nyuma ya mzungumzaji.

Mwanga, na nyuso zetu

Hapa ndipo ninapowasihi wanakamati watulie, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Kamera nyingi za bei ya chini na ya kati zina sensa ya inchi 1/2.8. Mchana, madirisha yakiwa wazi, picha yake inapendeza. Jioni, chini ya taa mbili za tyubu, picha hujaa chengachenga. Tena lenzi nyingi hupoteza mwanga zinapovutwa, kwa hiyo picha inayong'aa ikiwa pana hufifia ukimsogelea mhubiri. Sensa kubwa husaidia, ila ina gharama yake kwenye lenzi: Canon CR-N500 ina sensa ya inchi 1 lakini lenzi yake ni ya mara 15, wakati ndugu yake CR-N300 ina sensa ndogo ya inchi 1/2.3 na lenzi ya mara 20. Sony FR7, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na sensa kubwa na lenzi za kubadilisha, ni ya vituo vya televisheni na filamu. Bei yake ni zaidi ya dola 9,000, na kwa fedha hizo kanisa linajenga choo na kubakiwa na ya kamera.

Ushauri wangu ni huu: ukilazimika kuchagua kati ya kamera bora zaidi na taa mbili nzuri za LED zinazomwangaza mzungumzaji kutoka kulia na kushoto kwake, chukua kamera ya kati na taa. Kamera ya dola elfu moja hadi elfu mbili chini ya mwanga mzuri huishinda ya bei mara mbili iliyo gizani.

Kisha kuna suala la ngozi zetu. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, hutazama fremu nzima. Ukuta mweupe, kanzu nyeupe na gauni la bibi harusi huiambia kuwa kuna mwanga mwingi, nayo hupunguza, na uso mweusi wa mtu anayezungumza unageuka kivuli. Usinunue kamera isiyokuruhusu kuweka kwa mkono tundu la lenzi, shata, gaini na rangi ya mwanga. Pima kwa uso. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi hasa kwenye mimbari, rekebisha hadi uone macho na mistari ya uso wake, kisha funga vipimo hivyo. Ukuta ukiwa mweupe kupita kiasi, uache. Watu wamefungua simu wamtazame mama yao akisoma somo, na wana haki ya kumwona.

Jambo dogo linaloharibu rekodi nyingi ni taa kumemetameta kwenye picha. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera nyingi hutoka kiwandani zimewekwa kwa mizunguko 60 ya Marekani. Ingia kwenye menyu, chagua 50, rekodi kwa picha 25 au 50 kwa sekunde, na shata iwe 1/50 au 1/100. Kazi ya dakika mbili.

Kuhusu 4K nitasema kwa ufupi: kwa kurusha mubashara, picha ya 1080 inatosha kabisa, kwa sababu intaneti ya watazamaji wako na yako mwenyewe haitabeba zaidi. Lipia lenzi kwanza.

Jihadhari na kamera ya ulinzi

Madukani kuna kamera za PTZ za bei ya kuvutia sana, zimeandikwa 4K, zinaona usiku, zinavumilia mvua. Nyingi ni kamera za ulinzi. Zimetengenezwa kumnasa mwizi getini. Hazina tundu la kutolea picha, la HDMI wala la SDI, picha yake hubanwa sana, huchelewa kufika kwenye kompyuta, na kichwa chake huruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine kwa mshtuko usiofaa kuonekana hewani. Ya kurushia matukio huzunguka taratibu na kusimama bila kugonga. Geuza kamera nyuma, tazama matundu. Kama kuna tundu la waya wa mtandao peke yake, uliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha.

Matundu hayo ndiyo yanayoamua waya utakaopita kwenye jengo lako. HDMI ni salama hadi mita 10 au 15 hivi. USB hufika mita chache tu. SDI, kwa waya mzuri, hubeba picha ya 1080 karibu mita 100 na haichokozwi kirahisi. Waya wa mtandao nao hufika mita 100 na una faida kubwa: kupitia swichi ya PoE, waya mmoja hupeleka umeme na kuleta picha na amri za kuongozea. Hakikisha swichi inatoa watti ambazo kamera inadai. Ile ya kiwango cha zamani hutoa watti 15.4 kwa kila tundu, ya PoE+ hutoa 30, na kamera yenye mota na lenzi ndefu mara nyingi huhitaji hiyo ya pili. Kagua pia waya wenyewe. Sokoni kuna waya mwingi wa aluminiamu iliyopakwa shaba, rahisi kwa bei, na kwenye umbali mrefu umeme hupotelea njiani, kamera ikawa inazima kila inapozunguka. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: shaba tupu hubaki nyekundu hadi ndani, aluminiamu huonyesha weupe.

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno. Waya unaotoka jengo moja kwenda jingine kwa juu ni mwaliko wa hasara. Pitisha ndani ya bomba, funga kizuia radi, weka waya wa ardhi wa kweli, na mvua ikianza kunguruma usiku, mlinzi awe ameshaelekezwa kuchomoa.

Umeme, intaneti, sauti

Kamera nyingi za aina hii hutumia volti 12 na kula watti 12 hadi 25, kidogo kuliko feni ya mezani. UPS ya kawaida inaweza kuibeba kamera pamoja na swichi na rauta kwa nusu saa au zaidi, muda wa kutosha jenereta kuwashwa. Bila UPS, umeme ukikatika kwa sekunde moja, kamera huzima, huwaka, huzungusha kichwa pande zote kujipima, na harusi ikawa imefika kwenye viapo bila picha. Kama utatumia betri ya sola, weka kidhibiti cha volti katikati, maana betri inayochajiwa hupita volti 14.

Kwa intaneti, angalia kasi ya kupakia. Ile ya kupakua, inayotajwa kwenye matangazo, haihusiki na kazi yako. Picha ya 720 inahitaji megabiti 2.5 hadi 4 kwa sekunde, ya 1080 ianzie megabiti 4 kwenda juu, na uwe na akiba ya angalau nusu ya ziada. Ibada ya saa tatu kwa megabiti 4 hula GB 5.4 hivi, kwa hiyo nunua bando ukijua hilo. Pima ukiwa ndani ya ukumbi, siku na saa ileile ya tukio, kwa laini za mitandao tofauti. Mtandao unaokimbia Musoma mjini unaweza kulegea ukifuata njia ya Makojo na Busekera, na unaolegea Jumanne asubuhi hulegea zaidi Jumapili watu wote wakiwa na simu mkononi. Chagua 720 inayotiririka kuliko 1080 inayokatakata. Na kama chaneli yako ya YouTube haijawahi kurusha, iwashe mapema: ruhusa ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24.

Sauti isitoke kwenye kamera. Mtazamaji atavumilia picha hafifu, lakini mwangwi wa ukumbi na mvua juu ya bati vitamfukuza. Vuta waya kutoka kwenye mikseri hadi kwenye kompyuta au swichi ya video. Swichi ya video ya ATEM Mini, iliyotoka mwaka 2019, ina matundu manne ya HDMI na mawili ya sauti, na inatosha kwa makanisa mengi. Picha ikipita kwenye mtandao huchelewa kidogo nyuma ya sauti. Mwambie mtu apige kofi moja mbele ya lenzi, tazama kwenye rekodi, kisha icheleweshe sauti kwa milisekunde hadi kofi na mlio vikutane.

Dukani

Omba kamera iwashwe. Ivute hadi mwisho kwenye maandishi yaliyo ukuta wa mbali au bango la ng'ambo ya barabara, uone kama herufi zinakaa wazi au zinahangaika kutafuta ukali. Izungushe taratibu kabisa, kasi ya chini kuliko zote, ukiwa umeivuta. Hapo ndipo mota dhaifu hujitaja, picha inasogea kwa vihatua. Sogeza sikio usikie mlio wake. Hifadhi mikao mitatu, zima kamera, iwashe, ona kama inaikumbuka na kurudi palepale. Kisha waombe wazime taa za duka. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakataa.

Atakusifia pia ufuatiliaji wa kujiendesha, kamera kumfuata mtu yenyewe. Kwa mwalimu anayetembea peke yake mbele ya ubao ni msaada mkubwa. Kanisani, watu wanapopita kutoa sadaka, inaweza kumwacha mchungaji ikamfuata mtoto. Usiilipie zaidi kwa ajili hiyo, na vijana wako wajifunze joistiki.

Kwa matukio ya nje, kama vile mazishi nyumbani chini ya turubai au mkutano uwanjani, kumbuka kuwa PTZ nyingi za kurushia ni za ndani. Vumbi na manyunyu huingia kwenye kichwa kinachozunguka. Mwambaoni, usiku wa taa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi huvamia kila chenye mwanga na kujibandika kwenye kioo. Weka taa mbali na kamera, uwe na brashi laini na kitambaa cha lenzi, usifute kwa shati.

Nataka pia nilitaje jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelezo ya kamera. Lenzi hii huona chozi la mtu aliye mita 20, naye hajui kama anatazamwa. Kwenye msiba, kaa na familia kabla ya ibada, waulize nini kirushwe na nini kisirushwe, na uwaheshimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu, na kwa watoto uangalifu uwe mkubwa zaidi. Mkitaka kuendesha chaneli ya kudumu, hasa yenye habari, nendeni Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) muulize kuhusu Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 pamoja na marekebisho yake. Muziki wa watu wengine unaweza kufanya video izuiwe, na hilo lizungumzeni na kwaya mapema.

Mwisho, kamera nyingi za PTZ hazirekodi zenyewe. Rekodi hufanyika kwenye kompyuta, mara nyingi kwa programu ya bure ya OBS, na hapo weka faili iwe MKV badala ya MP4, kwa sababu umeme ukikatika katikati, MKV hubaki na yote yaliyorekodiwa hadi sekunde ile wakati MP4 inaweza isifunguke kabisa. Rekodi kwa megabiti 20 hata kama unarusha kwa 4. Saa moja itachukua GB 9, kwa hiyo tukio la saa tatu linahitaji nafasi ya GB 27 na ya ziada. Nakili kwenye diski ya pili jioni ileile, andika jina la tukio na tarehe, na diski hiyo isikae nyumba moja na kompyuta.